Juu ya Kutupa na Kutengeneza

Liko neno moja ambalo limekuwa jepesi mno katika vinywa vya watu waliosoma, nalo ni neno tupa. Saa ikisimama, tupa. Pasi ikipoa, tupa. Redio ikikohoa, tupa. Hulitamka bila huzuni na bila uchunguzi, kama hakimu atoaye hukumu kabla ya kusikia shahidi. Naandika makala haya ili kulishtaki neno hilo mbele ya wasomaji wa jarida hili, wanafunzi na wanazuoni, kwa kuwa naamini kwamba madhara yake yapita hasara ya saa, pasi na redio. Mtu atupaye kitu asichokielewa hakuwa na kitu hicho tangu mwanzo. Alikuwa mgeni wake tu. Na nchi ambayo wasomi wake wote ni wageni wa vitu vyao inaweza kuwa na shahada nyingi, walakini elimu yake itakuwa ya kuazima.

Shtaka bila ya ushahidi ni kelele. Ushahidi wangu nauleta kutoka Arash.

Arash ni kata ya wafugaji katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, upande wa Loliondo. Ndiko nyumbani kwetu. Huko jua ni kali wakati mwingi wa mwaka, upepo hauna kizuizi, na shuka lililofuliwa asubuhi likitandazwa juu ya kichaka hukauka kabla mwenyewe hajamaliza kunywa chai. Msomaji basi atafahamu kwa nini watu walicheka, wakati wa likizo yangu ndefu, kaka yangu aliposhusha kutoka katika lori la mnadani mashine kuukuu ya umeme ya kukaushia nguo. Mashine ya kukaushia nguo Arash! Ilikuwa kama kupeleka chumvi baharini. Isitoshe, nyumba yetu hupata umeme kutoka katika kipande kimoja cha sola kitoshacho taa tatu na simu, na mashine ile ilihitaji wati zipatazo 2,500. Hata kama tungetaka kuiwasha, tusingeweza.

Kaka hakuwa mjinga. Mashine ile ilikuwa imetupwa na nyumba moja ya kulaza watalii mjini Karatu, mji ulio njiani mwa watu waendao kutazama kreta ya Ngorongoro. Siku moja ilikataa kuwaka. Haikuitiwa fundi. Ilitolewa nje, ikakaa miezi minne chini ya ukingo wa paa, na mpya ikanunuliwa. Kaka, aliyekuwa mlinzi mahali pale, aliiomba akapewa. Hakutaka kuifufua. Alilitaka pipa lake la chuma awekee mahindi, na mabati yake afanyie mlango wa zizi la ndama. Alikuwa amekwisha kuazima tindo na msumeno. Mashine ilihukumiwa mara ya kwanza Karatu na watu wenye fedha, ikahukumiwa mara ya pili Arash na watu wenye shida, na hukumu zote mbili zilikuwa moja.

Aliyezuia hukumu ni mtu atengenezaye pikipiki chini ya mti, karibu na maduka. Aliacha shule baada ya darasa la saba. Alikuja kutazama kama watu wengine walivyokuja kutazama, akaizunguka mashine mara mbili, akalisukuma pipa kwa kidole, akasikiliza. Kisha akamwambia kaka: "Ng'ombe akilala chini humchinji kabla hujamtazama. Pengine ana kiu tu."

Mtoto wa kaka, ambaye yupo katika chuo kikuu na alikuwa nyumbani kwa likizo, alicheka akaniambia: "Baba mdogo, waambie wasipoteze wakati. Vitu hivi siku hizi havitengenezwi, vinanunuliwa." Wote walinigeukia mimi, mwenye udaktari wa lugha, wapate neno la mtu aliyesoma. Nakiri mbele ya wasomaji kuwa sikuwa na neno. Moyoni nilikubaliana na kijana, na nilinyamaza kwa haya tu. Ni heri kunyamaza kwangu, kwani fundi alikwisha kupiga magoti na kuanza kufungua skrubu.

Nataka kuieleza kazi ile kwa urefu kidogo, maana wengi wa wanaosema tupa hawajapata kuitazama kazi ya namna hiyo hata mara moja. Fundi alianza na kapasita, ijapokuwa mashine ilikuwa imelala miezi minne. Alituonya kuwa kapasita huweka umeme ndani yake hata baada ya waya kutolewa ukutani, na kwamba mtu mwenye haraka huweza kupigwa na mashine anayodhani imekufa. Akaigusisha miguu yake kwa bisibisi yenye mpini wa mbao. Ndipo akafungua mgongo wa mashine.

Hakuwa na kipimo cha umeme. Alichukua betri mbili za redio, taa ya tochi na vipande viwili vya waya, akaviunga hata akapata chombo cha kuulizia maswali. Kila alipogusa ncha mbili za sehemu fulani aliuliza kwa betri, nayo taa ikajibu. Alipogusa waya wa joto, taa iliwaka: waya haujakatika. Alipogusa nyaya za mota, iliwaka: mota haijakatika. Alipogusa kitu kidogo kisichozidi ukubwa wa punje ya haragwe, kilichofungwa kando ya njia ya hewa ya moto, taa haikuwaka. "Huyu ndiye maiti," alisema. Ilikuwa fyuzi ya joto.

Fundi mbabaishaji angeishia hapo. Yeye aliuliza swali la pili, ambalo ndilo linalotenga elimu na bahati: kwa nini fyuzi imekufa? Akalitafuta jibu katika bomba la kutolea hewa. Humo alitoa manyoya ya nguo yaliyoshikamana kama blanketi la mtoto. Alitueleza, na maelezo yake ni haya. Mashine hii haikaushi nguo kwa joto peke yake. Huivuta hewa, huipasha moto, huipitisha katika pipa linalozunguka, na hewa hiyo huyachukua maji ya nguo na kuyatoa nje. Joto na upepo ni ndugu wawili. Mmoja akifungiwa mlango, mwingine hufanya wazimu. Bomba liliposongwa, hewa haikutoka. Isipotoka, joto lilirundikana. Liliporundikana, fyuzi ilikata umeme. Wazimamoto wa Marekani, nchi ambayo mashine hizi zimo katika nyumba nyingi, huutaja uchafu huo kuwa chanzo kikuu cha moto unaoanzia ndani yake. Mashine ile ya Karatu basi haikufa kwa uzee. Ilikufa kwa kutofagiliwa.

Kijana wetu, ambaye sasa alikuwa amesogea karibu, alitoa shauri: "Si uunge waya mahali pa fyuzi, iwake?" Fundi aliweka bisibisi chini. "Fyuzi hii haikuiua mashine, kijana wangu. Ilikufa ili nyumba isiungue. Ukiweka waya mahali pake, umemfukuza mlinzi ukamwacha mwizi." Kaka, mlinzi kwa kazi yake, alicheka kuliko wote.

Mengine nitayapita upesi. Mkanda unaozungusha pipa ulikuwa na nyufa. Ukanunuliwa mwingine Arusha pamoja na fyuzi, na bei ya vyote viwili haikufikia bei ya mbuzi mdogo. Vigurudumu viwili vinavyolibeba pipa vilikuwa vimelika upande mmoja. Mkereza mmoja wa Karatu akavichonga vipya. Kutu iliondolewa kwa msasa, na ubavu wa mashine ukapakwa rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka milango. Beringi za mota zilisafishwa na kutiwa mafuta. Siku ya mwisho fundi alilizungusha pipa kwa mkono, nalo likazunguka bila mlio. Akasema: "Imepona. Kinachobaki ni umeme." Mashine ikapakiwa tena katika lori, ikarudi Karatu, si kwa waliyoitupa, bali kwa dada yetu ambaye hufua mashuka ya nyumba ndogo za wageni. Karatu si Arash. Wakati wa masika mvua hunyesha siku nyingi, na katika miezi ya Juni na Julai ukungu na baridi huweza kuishika kamba ya kuanikia nguo tangu asubuhi hata jioni. Shuka lisilokauka halirudi kitandani, na mfuaji asiyelirudisha halipwi. Siku ile mashine ilipowashwa mara ya kwanza, dada aliweka kiganja mbele ya bomba, akaihisi hewa ya moto yenye unyevu ikitoka, akatutazama bila kusema neno.

Hivi ndivyo mashine ilivyotengenezwa mahali ambapo haikuweza hata kuwashwa. Umeme ulikuwa Karatu, elimu ilikuwa Arash. Nawaomba wasomaji waitafakari habari hiyo kabla ya kuendelea.

Sasa nitoke katika ushahidi niingie katika hoja. Hoja ya kwanza ya wapinzani wangu ni kuwa kutengeneza ni desturi ya umaskini. Kwamba mtu hutengeneza kwa sababu hana fedha ya kununua, na siku atakapoipata ataacha. Hoja hii ina sura ya akili lakini haina moyo wa ukweli. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya taa za umeme yalikutana Geneva yakafanya mapatano ya siri, yaliyojulikana kwa jina la Phoebus, ambayo yalikusudia taa isiishi zaidi ya saa 1,000 hivi. Na kampuni iliyotengeneza taa zenye maisha marefu ilitozwa faini. Hapo twaona kuwa kutupa hakukuzaliwa na utajiri wa mnunuzi. Kulizaliwa na tamaa ya muuzaji. Miaka mia baadaye, mwaka 2024, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa mashine kadha za nyumbani, zikiwamo za kufulia na za kukaushia nguo, wakubali kuzitengeneza zinapoharibika, hata baada ya muda wa dhamana kwisha. Hao ni matajiri. Wamekwisha kutupa mpaka wamechoka, nao sasa watunga sheria ili wapate jambo ambalo fundi wa Arash hulifanya chini ya mti bila sheria. Itakuwa ajabu iliyoje ikiwa sisi tutaianza safari ya kutupa siku ile ile ambayo wenzetu wanarudi!

Tena asili ya mashine yenyewe yawakana wanaodai kuwa ni kitu cha kiwandani kisichogusika nyumbani. George T. Sampson, mtu mweusi wa Marekani, alipata hataza mwaka 1892 kwa kifaa chake cha kukaushia nguo, nacho kilikuwa fremu ya kutundikia nguo karibu na joto la jiko. Baadaye J. Ross Moore wa North Dakota alichoka kuanika nguo nje katika baridi ya nchi yake, akajenga kibanda, akatia jiko ndani, akafanya majaribio miaka mingi. Na mashine iliyotokana na kazi yake ikaanza kuuzwa na kampuni ya Hamilton mwaka 1938. Basi kabla ya kuwa bidhaa, mashine hii ilikuwa shida ya nyumbani iliyotafutiwa dawa nyumbani kwa vitu vilivyokuwa karibu na mkono. Fundi wetu hakuvunja heshima yake alipoifungua. Aliirudisha kwao.

Hoja ya pili hutoka karibu zaidi nasi, nayo yaniuma zaidi. Yasema kuwa kazi ya mikono ina watu wake, na kazi ya akili ina watu wake. Kwamba chuo kikuu si karakana. Wanaosema hivyo wamesahau maneno ya mwaka 1967. Katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu tuliyorithi kwa kumfundisha kijana kuamini kuwa elimu yote ya maana imo katika vitabu na kwa watu wenye vyeti, na kuidharau elimu ya wazee na watu wengine walio karibu naye. Lawama hiyo ilisomwa, ikasifiwa, ikatungiwa maswali ya mitihani, na wengi wakafaulu. Lakini mtoto wa kaka yangu, aliyezaliwa miaka mingi baadaye, alisimama mbele ya fundi akasema vitu hivi havitengenezwi. Na mimi, niliyefundisha kitabu hicho darasani, nilikubaliana naye moyoni. Kama huku ni kufaulu, kufeli kwafananaje?

Tena ni uongo kusema kuwa ile ilikuwa kazi ya mikono bila ya akili. Yatazameni aliyoyafanya. Aliweka dhana: huenda waya wa joto umekatika. Akaijaribu, ikakataliwa. Akaweka nyingine, ikakataliwa. Ya tatu ikakubaliwa. Hakuridhika na tukio, akatafuta sababu ya tukio. Na alipoipata sababu hakuifunika, aliiondoa. Wanafunzi wangu wa shahada ya uzamili huandika sura nzima juu ya mbinu za utafiti, kisha wengi wao hutafuta data inayokubaliana na jibu walilokwisha kuwa nalo. Fundi yule aliacha taa ya tochi imkatalie mara mbili bila kuona haya. Ningependa kuiona adabu hiyo katika tasnifu nyingi zaidi, nikianza na yangu mwenyewe.

Hoja ya tatu ni yangu, wala haikuletwa na mpinzani. Nayo ni juu ya lugha, ambayo ndiyo kazi ya jarida hili. Kwa muda wote wa kazi ile nilikaa kando nikisikiliza, na sikio langu lilianza kuona aibu kabla ya moyo wangu. Fundi alikuwa na neno kwa kila kitu. Sehemu izungukayo aliiita pipa. Kijigurudumu kinachoubana mkanda usilegee alikiita kikaza mkanda. Uchafu wa nguo aliuita manyoya. Alisema puli, feni, beringi, kapasita, fyuzi ya joto, waya wa joto, njia ya hewa, na wote waliokuwapo walimwelewa, hata wale ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili baada ya Kimaasai. Mimi nimepata kuketi katika vikao vya kutunga istilahi. Nakumbuka tulivyobishana alasiri nzima juu ya neno la mashine ambayo hapana hata mmoja kati yetu aliyewahi kuifungua. Tukalipata neno, tukalipigia kura, likaandikwa, na sijalisikia tena kinywani mwa mtu yeyote.

Sisemi kuwa taasisi zetu hazikufanya kazi. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967. Na kamusi zilizotoka tangu hapo zimetufaa sote. Nasema tu kuwa lugha ya vyombo haikungoja kamati. Parafujo na bomba tuliyapata kwa Wareno. Karakana ilitoka Uajemi. Spana, jeki na kabureta yaliingia pamoja na magari. Hayakuingia kwa kura. Yaliingia kwa watu waliokuwa na mafuta mikononi na haja ya kuelewana sasa hivi, kabla ya chombo kuzama au gari kulala njiani. Neno la chombo huishi mahali chombo kinapofunguliwa, na mahali chombo kinapotupwa hufa pamoja nacho. Kwa hiyo asemaye tupa hatupi mashine peke yake. Hutupa na kamusi yake. Tukiwa watu wa kununua tu, Kiswahili chetu cha mitambo kitabaki na vitenzi vitatu: nunua, washa, tupa. Lakini siku nne tu za Arash zilinipa fungua, legeza, kaza, chomoa, kereza, piga msasa, unga, pima, paka, rudishia. Ni lugha ipi kati ya hizo mbili iliyo tajiri?

Sasa yanipasa kuwa mwadilifu, kwani mshitaki asiyekubali lolote la upande wa pili ni mgomvi tu. Nakubali kwanza kuwa kazi hii ina hatari. Umeme wa volti 230 haumjui mwanafunzi wala profesa. Anayefungua mashine bila ya kutoa waya ukutani, anayeiacha bila ya waya wa ardhi, anayeziba nafasi ya fyuzi kwa kipande cha shaba, huyo hatengenezi; huandaa msiba. Wako mafundi wa namna hiyo, nao wameliharibu jina la wenzao. Lakini dawa ya fundi mbaya ni fundi mwema, kama dawa ya kitabu kibaya ilivyo kitabu chema. Hatukufunga shule kwa sababu wako walimu wasiojua.

Nakubali pili kuwa viko vitu visivyofaa kutengenezwa: vilivyokwisha kabisa, au vinavyokula umeme kuliko manufaa yao. Kuvishikilia ni ubahili. Fundi mwenyewe alituambia kuwa kama mota ingekuwa imeungua angemwachia kaka pipa lake. Ninachokidai ni uchunguzi kabla ya hukumu. Neno tupa lina haki ya kutamkwa, lakini litamkwe mwisho.

Nakubali tatu, na kwa furaha, kuwa jua ni bora kuliko mashine. Jua halina luku. Mashine ile ikifanya kazi kwa saa moja hula umeme upatao yuniti mbili na nusu, na dada yetu ambaye hulipa kwa jasho lake ahesabu kila moja. Kamba yake ya kuanikia nguo ingali palepale uani. Huwasha mashine siku ambazo mbingu zimefunga, au wakati wa nguo za watoto wachanga ambazo hazikukauka vizuri. Maana yuko inzi atagaye mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia katika ngozi, na mama zetu wamemshinda kwa moto wa pasi ya mkaa miaka yote. Asidhani mtu, basi, kuwa nawasihi watu wa Arash wanunue mashine za kukaushia nguo. Hasha! Nawasihi watu wa vyuo vikuu wajifunze kwa Arash.

Nini basi nakitaka? Nataka mambo matatu, wala hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, wanafunzi wetu wa Kiswahili watumwe karakana kama watumwavyo maktaba. Kila mmoja akae juma moja na fundi wa pikipiki, wa cherehani, wa redio au wa mashua, aandike jinsi kazi inavyoendelea kwa maneno ya fundi mwenyewe, na maandishi hayo yasomwe tena mbele ya fundi ili asahihishe. Pili, kabla ya neno lolote la ufundi kupigiwa kura katika kikao, aulizwe mtu ashikaye kitu chenyewe analiitaje. Na kama analo jina, mjadala ufungwe. Tatu, jarida hili lenyewe, ambalo kwa miaka mingi limeufungulia mlango ushairi, visa na uhakiki, lifungue na mlango wa insha za kazi. Maelezo safi ya jinsi ya kubadili mkanda ni nathari. Yana mwanzo, kati na mwisho. Hayavumilii neno la ziada. Na mwandishi akidanganya, mashine humfichua siku hiyohiyo. Sijui uwanja mwingine ambao mwandishi huhukumiwa kwa haki kiasi hicho.

Watakuwako watakaosema kuwa nimelikuza jambo dogo, kwamba nimeifanya fyuzi yenye ukubwa wa punje ya haragwe kuwa suala la taifa. Nawajibu kuwa fyuzi ile ilikuwa ndogo vilevile siku iliyozima mashine kubwa. Jambo dogo likidharauliwa na watu wengi kwa muda mrefu huwa tabia, na tabia ya wasomi huwa mtaala wa watoto.

Mtoto wa kaka yangu amekwisha kurudi chuoni. Kabla ya kuondoka alikwenda chini ya mti kwa fundi, akamwomba amwonyeshe tena jinsi ya kuunga betri, taa ya tochi na waya. Aliondoka na chombo hicho katika mkoba wake, kati ya vitabu. Juma lililopita aliniandikia kuwa pasi ya mwenzake bwenini imeacha kuwaka, na wote wanasema itupwe. "Nimewaambia wangoje," aliandika. "Sijaitazama bado."